Ng'ombe wa Jirani

Jumapili saa kumi mama hupiga simu kutoka Bari,
na sisi huku, nje kidogo ya Kutaisi, tunajipanga kama wa kupigwa picha:
baba Otari kwenye kiti kilichobaki na miguu yote,
bibi Pelagia na leso yake ya kanisani,
mimi ubavuni, nikiziba kwa bega
ule mraba mweupe ukutani
ilipokuwa ikoni ya fedha ya Mtakatifu Giorgi.
Badri anashika simu.
Mkono wake hautetemeki. Haujawahi kutetemeka.

Kuna ulevi usionuka.
Kaka yangu hayumbi, hatapiki, hamtukani mtu.
Hujifungia bafuni, bomba likimwaga maji saa tatu nzima,
na mwanga wa kioo ukimpaka kidevu ubuluu
kama mtu anayesoma barua ya mpenzi.
Akitoka huwa mpole. Huosha hata vyombo.
Tumejifunza kuuogopa upole wake:
siku aliposugua masufuria hadi masizi ya chini,
ndiyo siku tanuri la umeme lilipoondoka.

Mama anamuuguza kikongwe wa Kiitalia.
Humgeuza kila baada ya saa mbili usiku asipate vidonda,
na kila ubavu anaougeuza ni yuro kadhaa,
na yuro huingia benki Ijumaa adhuhuri,
na ikifika magharibi imeshazungushwa
na cheri, na kengele, na namba saba zisizokutana.
Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Hawakumwona mchukuzi huyu,
anayejaza, na kujaza, na mgongo haujui nafuu.

Mara moja tu, Februari, baba aliinua nyundo.
Simu ilikuwa mezani, imelala chali.
Ikalia.
Kiooni likatokea jina: Nazibrola.
Baba akabaki na mkono hewani.
Tungeivunjaje, na mama anaishi humo?

Nami nacheza, sitaficha.
Kila usiku naweka dau:
lango likilia kabla ya saa sita, kesho kuna mkate.
Bibi huweka lake kwa mishumaa.
Dau la baba ni kunyamaza; ameshaliwa karibu sauti yote.
Nyumba nzima tunamchezea mtu mmoja,
na kila asubuhi tunasema, safari hii.

Jumapili hii mama akasema, "Nionyeshe Nikora. Amezaa?"

Nikora aliuzwa Oktoba.

"Ngoja," nikasema, "mtandao umekuwa mzito,"
nikaichukua simu mkononi mwa Badri bila kumtazama usoni,
nikapenya kwenye uzio wa jirani yetu Tsiala,
nikamwonyesha mama ng'ombe mwekundu, mwenye joto,
anayetafuna kwa utulivu wa asiyedaiwa.
Mama akatazama. Akatazama sana.
"Nikora alikuwa na baka jeupe juu ya jicho la kushoto."
"Ni kamera, mama. Inageuza."
"Ah," akasema. "Inageuza."

Akainua mkono kurudisha nywele nyuma ya sikio
na nikakiona kidole chake: pete hamna,
ila mfereji mwembamba wa ngozi
ambao jua la Bari halijaufikia.
Nikafumbua mdomo.
"Sabuni," akawahi yeye. "Inateleza. Nimeiweka kabatini."

Tukatazamana, mwongo na mwongo,
ng'ombe wa watu akitafuna katikati yetu.
Kisha akauliza kama tumekula,
na kama Badri anavaa sweta, maana Machi ya kwetu si ya kuaminika.

Nyuma yangu uzio ukalia.
Alikuwa amesimama pale, mpole,
kiganja wazi,
akingoja nimalize kuagana na mama
nimrudishie simu.